Deni la Mfalme

Katika daftari la manowari ya Kiingereza ya miaka ya 1790, baharia aliyefariki aliandikiwa herufi mbili: DD. Aliyehamishwa au kuachishwa kazi alipewa D moja, na aliyetoroka alipigwa R. Karani hakueleza zaidi ya hapo. Aliweka tarehe, pengine na mahali, akashuka mstari wa chini kumhesabu mwingine. Anayemtafuta babu wa babu yake akikutana na DD hudhani njia imemkatikia. Mara nyingi ndipo inapoanza, kwa sababu marehemu alikuwa anadai, na aliyekuwa akimdai ni mfalme.

Tuanze na hesabu yenyewe. Tangu 1653 baharia mzoefu alilipwa shilingi 24 kwa mwezi wa siku 28. Mshahara huo haukuongezwa hata senti kwa karibu karne moja na nusu, hadi mabaharia waliotia nanga Spithead walipogoma mwaka 1797 wakaongezewa shilingi 5 na peni 6. Miezi 13 ya namna hiyo kwa mwaka ni pauni 15 na shilingi 12. Lakini fedha hizo hakuzishika. Meli ililipwa ikisharudi Uingereza, maana hazina ilikuwa na shida zake, na maofisa walijua kwamba mtu anayedai mshahara wa miaka miwili hakimbii ovyo. Meli ikikaa miaka mitatu katika visiwa vya Karibi au Bahari ya Hindi, kila baharia mzoefu alirudi akidai pauni 46 na shilingi 16. Hapo ungetoa nguo alizochukua kwa mkopo, tumbaku, na peni 6 za kila mwezi za Hospitali ya Greenwich. Kisha ungejumlisha fungu lake la fedha za nyara kama walikuwa wameteka meli ya adui.

Kwa hiyo mtu asiye na shamba, ng'ombe wala banda huko kwao, akifia baharini aliacha mali ya kugombaniwa. Jirani yake aliyekufa kijijini mwaka uleule kwa ufukara uleule aliacha mstari mmoja katika kitabu cha mazishi cha kanisa. Baharia aliacha deni juu ya dola, na dola hailipi bila karatasi.

Penye deni hapakosi fisi. Portsmouth, Plymouth na Wapping zilijaa wenye nyumba za kulala wageni na wenye vilabu, waliomkopesha baharia chakula, pombe na kitanda, kisha wakamwekea karatasi atie alama. Karatasi moja ilibeba mawili: hati ya kumfanya mwenye klabu wakala wa kupokea mshahara wake akiwa hai, na wasia wa kumrithisha akifa. Tangu mwisho wa karne ya 17 sheria ilikataa wasia ulioandikwa pamoja na uwakala katika hati moja. Haikutosha. Wanawake walifika ofisi ya malipo wakiwalilia waume ambao hawakuwahi kuwatia machoni. Wengine walighushi wasia wa watu waliokuwa bado hai. Kughushi wasia wa baharia ni kosa lililompeleka mtu kwenye kitanzi, na kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey zina kesi za aina hiyo.

Mwaka 1786 Bunge likaweka utaratibu. Wasia wa baharia aliye melini utiwe saini mbele ya kapteni na ofisa mwingine, kisha upelekwe London ukakaguliwe na Mkaguzi wa Wasia za Mabaharia. Lengo lilikuwa kuzuia wizi tu. Hakuna mbunge aliyewafikiria vitukuu. Lakini kwa sababu ya hofu ile ya wezi, leo kuna mfululizo wa nyaraka unaoitwa ADM 48: wasia za mabaharia wa kawaida na askari wa majini kuanzia 1786 hadi 1882.

Nyaraka hizo ziko Kew, kusini-magharibi mwa London, si mbali na Mto Thames, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza. Wasia zenyewe zimepigwa picha na mtu anaweza kuzipakua akiwa Tanga au Muscat, kwa kuandika jina la baharia na kungoja orodha. Ukiufungua mmoja, unakuta fomu iliyochapwa inayoanza kwa jina la Mungu na kuacha nafasi za kujazwa kwa kalamu. Jina la baharia liko juu na la meli yake linafuata. Katikati, baada ya maneno marefu ya kisheria yanayotaja mishahara, nyara, ardhi, nyumba na bidhaa ambazo mwenyewe hakuwa nazo, linakuja jina la mrithi, uhusiano wao na mahali anapoishi. Chini kuna saini. Kama hakujua kuandika, kuna msalaba uliochorwa kwa mkono mzito, na karani amejaza jina la kwanza upande huu wa msalaba na la pili upande ule. Kando yake saini ya kapteni inateleza kama ya mtu aliyesaini nyingine thelathini asubuhi ileile.

Msomaji wa pwani yetu atashtuka kidogo hapo. Sisi tumezoea kwamba wasia hauvuki theluthi, na kwamba mafungu ya mke, mama, watoto na ndugu yamekwisha kupangwa na sheria ya mirathi ya Kiislamu. Baharia wa Kiingereza hakufungwa na lolote la namna hiyo. Aliweza kumwachia mke kila kitu, au mama, au mwenzake wa meza moja melini, au yule mama mwenye nyumba ya kulala. Ndiyo maana jina la mrithi ni ushahidi wenye uzito: lilichaguliwa. Lakini lisomwe kwa tahadhari. “Mke wangu” katika fomu hizi hakuwa kila mara mke wa kanisani, na “rafiki yangu” aweza kuwa shemeji, mdai, au fisi yule wa Wapping aliyepata njia nyingine ya kuingia.

Mimi nazipenda zaidi karatasi za madai kuliko wasia. Wasia unaonyesha baharia alimtaka nani arithi. Madai yanaonyesha nani alikuja. Mfululizo wake ni ADM 44, kuanzia 1800 hadi 1860, na ufunguo wake ni rejista za ADM 141. Humo wamo mabaharia waliokufa bila wasia, na jamaa zao walioandika London kuomba mshahara uliobaki. Ofisi haikuridhika na machozi. Ilitaka cheti cha ndoa, cheti cha ubatizo, na uthibitisho wa kasisi na wazee wa kanisa kwamba mwombaji ndiye. Mama akiwa amefariki, ndugu wote walihesabiwa: nani yu hai, nani ameolewa na anaitwaje sasa, nani amehamia mji gani. Karatasi moja ya namna hii inaweza kumpa mtafiti kizazi kizima, tena katika zama ambazo Uingereza yenyewe haikuwa na uandikishaji wa serikali wa vizazi na vifo, maana huo ulianza Julai 1837.

Kwa Ireland jambo hili lina uzito wa pekee. Mabaharia wengi wa manowari za Kiingereza walitoka huko. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Nyaraka ya Dublin iliteketea, na pamoja nayo sehemu kubwa ya vitabu vya makanisa ya Kianglikana na karatasi za sensa za karne ya 19. Familia ambayo kitabu chake cha kanisa kiligeuka majivu siku ile huenda bado ina nakala ya cheti chake Kew, kwa sababu miaka mia moja na zaidi kabla ya moto, mama mmoja wa Cork au Waterford alilazimishwa na karani wa London athibitishe kwamba mwanawe ni wake. Usumbufu wa ofisi ndio uliookoa jina.

Hata nguo za marehemu zina njia yake. Desturi ilikuwa kuzinadi mbele ya mlingoti mkuu. Wenzake walinunua, mara nyingi kwa bei iliyopita thamani ya shati lenyewe ili mjane apate zaidi, na bei ikakatwa kwenye mishahara yao. Katika vitabu vya malipo kuna safu maalumu ya nguo za wafu. Ukiifuata safu hiyo unajua nani alinunua vitu vya nani, na pengine nani alikuwa rafiki wa nani, ingawa hapo tayari tumeanza kubahatisha.

Kabla ya 1853, ulipoanza mkataba wa utumishi wa kudumu uliompa baharia namba yake, bila jina la meli hupati kitu. Meli ndiyo anwani. Kwa hiyo wengi huanza na wasia ili wapate meli, kisha hurudi nyuma kwenye daftari la mabaharia kutafuta umri na mahali pa kuzaliwa. Kwa waliopigana katika vita vya majini vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, kazi imerahisishwa: hifadhi ya Kew imekusanya orodha ya watu zaidi ya 18,000 waliokuwapo, na wengine wao hawakuzaliwa Ulaya. Baharia wa kawaida alipata shilingi 37 na nusu za nyara kwa siku ile, na pauni 4, shilingi 12 na peni 6 za ruzuku ya Bunge.

Asubuhi ya siku hiyohiyo Admirali Nelson, aliyewaongoza Waingereza vitani humo, aliongeza maneno kwenye wasia wake, akashuhudiwa na makapteni Blackwood na Hardy. Alimkabidhi mpenzi wake, Emma Hamilton, kwa mfalme na taifa, watunze maisha yake, na akamtaja Horatia, binti yao. Nelson akafa saa chache baadaye. Taifa lilimzika kwa fahari, kaka yake William akapewa cheo cha ukabaila na pensheni ya pauni 5,000 kwa mwaka, na Emma hakupewa kitu. Alifia Calais mwaka 1815 akiwa na madeni. Wasia mashuhuri kuliko zote za wanamaji ndio uliopuuzwa, wakati mjane wa mtu aliyechora msalaba, akiwa na cheti chake cha ndoa mkononi, alikuwa na mlango wa kubisha.

Njia hii inafika hadi kwetu, na hapo inakuwa nyembamba. Mwaka 1874 manowari London, meli kuukuu ya mbao iliyoshushwa majini mwaka 1840, ilitia nanga bandari ya Unguja iwe kituo cha boti zilizowinda majahazi ya watumwa. Ilikuwapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, ikauzwa kuvunjwa mwaka 1884. Desemba 1881 kapteni wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokwenda kukagua jahazi. Katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, yako makaburi ya wanamaji wa enzi hizo, pamoja na ya watu wa manowari Pegasus iliyozamishwa na Wajerumani Septemba 1914.

Boti za London hazikuendeshwa na Waingereza peke yao. Kulikuwa na watu wa hapa, ambao wanamaji waliwaita Seedie. Waliandikishwa Unguja, Aden au Bombay, wakavuta makasia na kuchochea tanuri chini ya msimamizi wao aliyeitwa tindal. Baadhi yao waliwahi kuwa watumwa. Makaburi ya wenzao yapo hata Simon's Town, Afrika Kusini. Mfululizo wa ADM 48 unaishia 1882, yaani miaka ya London imo ndani yake. Lakini utaratibu mzima ulitengenezwa kwa mtu mwenye parokia. Mtu aliyechukuliwa akiwa mtoto kutoka karibu na Ziwa Nyasa, akaokolewa baharini, akaandikwa daftarini kwa jina alilolisikia karani au alilopachikwa kwa mzaha wa Kiingereza, cheti cha ubatizo cha mama yake kingetoka wapi? Nani angemwandikia kasisi barua, na kasisi gani? Deni lake lilikuwa halali sawa na la mtu wa Cork. Kilichokosekana ni jamaa ambaye ofisi ya London ingemtambua.

Hata hivyo hakukosekana kila kitu. Madaftari ya malipo ya meli ya kuanzia 1872 hadi 1884 yamo Kew chini ya ADM 117, na aliyelipwa aliandikwa, awe Mwingereza au Seedie. Ziko familia Unguja na Mombasa zinazosimuliwa kwamba babu “alifanya kazi manowari”. Simulizi ya namna hiyo, ikiambatana na jina la meli au hata jina la tindal, inatosha kufungua daftari. Majina yasomwe kwa sauti, maana karani aliandika alivyosikia, na h na r zake si za kutegemewa. Upande wa pili uko Kilimani, Unguja, katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, kwenye mafaili ya ubalozi mdogo wa Uingereza wa miaka ya balozi mdogo John Kirk. Ningeomba kwanza barua zilizopita kati ya ubalozi huo na kapteni wa London, na rejista za watumwa walioachwa huru, kisha niziweke sambamba na daftari la Kew, mwaka kwa mwaka, kuanzia 1874.