Kabla ya Picha Huria, Gunia

Walimu wa madarasa ya chini hapa Bahati, Nakuru, tulikuwa tukipasua gunia la nailoni, tunalifua, kisha tunaliandikia silabi kwa kalamu nene. Karatasi ya manila ilikuwa ghali na haikuhimili vumbi, gunia lilidumu. Ufundi huo nilifundishwa na mwalimu aliyenitangulia. Aliniruhusu kunakili chati zake zote, lakini jina lake halikuandikwa popote, na hilo linaniuma hadi leo.

Picha ndizo zilizokuwa adimu. Ziwa Nakuru haliko mbali, ila watoto wengi hawakuwahi kuingia mbugani, basi heroe tuliwakata kwenye kalenda kuukuu. Nani aliyepiga picha hatukuuliza, kwa kuwa haikutoka nje ya kuta zile nne. Siku hizi zana ya mwalimu mmoja hufika kaunti nyingine kwa simu kabla ya kengele ya mapumziko, na ruhusa imekuwa jambo la lazima.

Ruhusa hiyo ilipata maandishi Desemba 2002, leseni za Creative Commons zilipotolewa: mwenye kazi anatangaza mapema wengine waitumieje. Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha huria, ikafuata Septemba 2004. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani iliweka humo picha zaidi ya 80,000, zikiwemo za mpiga picha Walther Dobbertin zinazoonyesha askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ni hazina kwa somo la historia, mradi mwanafunzi aulizwe pia kamera ilikuwa mikononi mwa nani.

Ninayoipenda zaidi ni maktaba ya hadithi ya mtandaoni, African Storybook, iliyozinduliwa 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Mwalimu wa Dundori anaweza kuchukua hadithi ya Kiswahili, akaigeuza Kikuyu, akaifupisha kwa Gredi ya Kwanza, na majina ya mtunzi, mchoraji na mfasiri yakabaki pale pale. Ndivyo tulivyopaswa kufanya na magunia.

Walimu vijana wanaponijia nawaambia wasome herufi za leseni kabla ya kupakua. BY inataka jina litajwe. NC inakataza biashara, kwa hiyo kitini chenye picha hiyo kisiuzwe. Yenye ND usiitafsiri ukaisambaza, hata ikiwa nzuri namna gani, tafuta nyingine.