Nchi ya Ufipa na Watu Wake

Jina la Sumbawanga limesikiwa na watu wengi, lakini mara nyingi limesikiwa kwa mzaha. Mtu akisema mbele ya wenzake kwamba atoka Sumbawanga, huulizwa kwa kicheko kama amekuja kwa gari au kwa ungo. Sisi tuliokaa katika nchi ile na kufundisha watoto wake twaona haya kwa ajili ya mzaha huo, kwa kuwa wausemao hawaijui nchi yenyewe, wala kazi za mikono ya watu wake, wala habari zao za kale. Basi katika makala haya twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi Ufipa ilivyo, na habari kuu zilizowapata wenyeji wake.

1. Nchi ilivyo

Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa katikati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga umejengwa katika kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo karibu nao hupita mita 2,400. Kwa hiyo baridi yake ni kali, hasa mwezi wa Juni na wa Julai, wakati upepo uvumapo juu ya majani makavu na watoto wafikapo shuleni wamejikunyata. Lakini mtu akitelemka kwa njia ya Muze mpaka bonde la Rukwa, hukuta nchi nyingine kabisa: joto jingi, mbu, na mashamba ya mpunga.

Maziwa hayo mawili hayafanani hata kidogo. Tanganyika ni ziwa refu, na kina chake hufika mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu, Baikal la nchi ya Urusi, lililo na kina kupita hilo. Watu wa Kirando, Kipili, Wampembe, Kala na Kasanga huvua humo migebuka na dagaa. Na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hata mtu aliye pwani huona kama mji umewashwa juu ya maji. Ziwa Rukwa kina chake ni kifupi, maji yake yana magadi, na hakuna mto utokao ndani yake kwenda mahali pengine. Mvua zikiwa nyingi huenea juu ya mbuga, zikiwa chache hurudi nyuma sana na kuacha tope na majani.

Majani hayo yaliwahi kuleta msiba mkubwa. Mbuga za Rukwa ni mahali pamoja wazaliwapo nzige wekundu, na kati ya miaka ya 1930 na 1944 nzige hao walienea juu ya sehemu kubwa ya Afrika ya kati, ya mashariki na ya kusini, wakila mashamba. Kwa ajili hiyo mwaka 1949 serikali za nchi nyingi ziliunda shirika la kuwapinga, kituo chake kikiwa Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, katika Zambia.

Upande wa kusini mpaka ni mto Kalambo, ambao maporomoko yake huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Mahali pale wataalamu wamechimba tangu mwaka 1953. Katika mwaka 2023 walitangaza ya kwamba wameona magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa kwa mkono wa mtu, yapata miaka 476,000 iliyopita. Hakuna mahali pengine duniani palipoonekana kazi ya ujenzi wa miti ya kale kuliko hiyo. Hapo twajua kwamba nchi hii ilikuwa na mafundi hata kabla ya kuwapo kwa watu wa namna yetu.

2. Jina la Sumbawanga

Wenyeji hueleza jina hilo hivi: sumba maana yake ni tupa, na wanga ni uchawi. Wasemaji wa Kiswahili watalitambua neno hili la pili, kwani nasi twasema kuwanga. Basi jina lote ni amri: Tupa uchawi! Mgeni aliyetaka kuingia aliambiwa auache nje uchawi wake. Ni ajabu kwamba mji ulioitwa kwa neno la kuukataza uchawi ndio unaochekwa leo kuwa makao yake. Ni kama mtu aandikaye mlangoni pake, "Mwizi asiingie," kisha majirani wakasema, "Tazameni, hapa pana wezi."

3. Kigoda cha Milansi

Wafipa wana hadithi ya asili ya ufalme wao, nayo imeandikwa na wataalamu zaidi ya mmoja, kama vile Roy Willis, Mwingereza aliyekaa nao katika miaka ya 1960. Yasemekana kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na uzao wake ukatawala katika kijiji cha Milansi. Watu wa Milansi walikuwa mafundi wa chuma. Siku moja mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe nyumba. Nyuma yake wakaja wageni, wanawake watatu, wakaomba mahali pa kukaa. Mke yule akawapa kigoda cha mumewe. Wakakikalia, na kwa kukikalia, nchi ikawa yao.

Mtawala aliporudi hakushika mkuki. Walifanya mapatano: wageni watatawale nchi yote, naye abaki na Milansi yake na heshima ya ukuhani, asiache kuwa na sehemu katika kuwasimika wafalme. Wale wageni ndio waliozaa ukoo wa Watwa, ambao baadaye uligawanyika kuwa falme mbili: Nkansi, na Lyangalile iliyo upande wa kusini-mashariki. Jina la Nkansi halikupotea, kwa maana leo iko wilaya ya Nkasi, ambayo makao yake makuu ni Namanyere.

Sisi hatuisomi hadithi hii kama tarehe ya vita na miaka. Lakini twaona ndani yake swali moja ambalo Wafipa wamelazimika kulijibu mara nyingi: mgeni akija akaketi juu ya kigoda chako, utafanya nini? Waswahili husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutazame basi wageni waliokuja Ufipa, na kama mwenyeji alipona.

4. Wageni waliokuja

Wa kwanza tuwatajao baada ya Watwa ni Wangoni. Mfalme wao Zwangendaba alitoka kusini ya Afrika, akavuka mto Zambezi mwaka 1835, akafika Ufipa na jeshi lake. Akafa papa hapa, mahali paitwapo Mapupo, yapata mwaka 1848. Baada ya kufa kwake watu wake waligombana na kutawanyika: wengine walirudi kusini, wengine walikwenda kaskazini, na wengine ndio waliofika Songea. Ufipa iliteswa nao, lakini haikuvunjika. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita mwaka 1880, alimkuta mfalme Kapufi akitawala kwa amani, na raia zake wakilima badala ya kushinda na silaha. Miaka minane kabla yake Livingstone naye alikuwa amepita katika nchi hii.

Kisha walikuja wafanyi biashara kutoka pwani, wakitafuta pembe na watumwa. Na baada yao Wadachi, waliojenga boma lao Kasanga na kuliita Bismarckburg. Boma hilo lilitwaliwa na Waingereza mwezi wa Juni 1916. Meli kubwa ya Wadachi, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe mwaka huo huo ili adui wasiipate. Ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina la Liemba. Wachache wajua kwamba Liemba ni jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa, ambalo Livingstone aliambiwa na wenyeji mwaka 1867. Hivyo meli iliyotoka Ulaya kwa vipande ilibeba jina la maji ya Ufipa kwa miaka mingi, ikipita Kipili na Kasanga.

Wamisionari walifika Karema, pwani ya ziwa upande wa kaskazini, mwaka 1885, nao walipewa kituo kilichojengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Kati yao twapenda kumtaja mtu mmoja, Adriano Atiman. Alizaliwa katika nchi za Niger, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa uganga wa kizungu huko Malta. Alikuja Karema mwishoni mwa karne ya 19, akawatibu watu wa pwani ile kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hapo methali yetu ilitimia kwa maana yake kamili.

5. Chuma

Lakini mwenyeji naye hakuwa mikono mitupu. Atembeaye katika mashamba ya Nkasi na Sumbawanga hukuta mahali pengi minara ya udongo, kimo chake mita tatu hivi, mipana chini na myembamba juu, na matundu pande zote chini yake. Hayo ndiyo malungu, matanuru ya kuyeyushia chuma. Yalijengwa mbali na kijiji, karibu na vichuguu vya kutoa udongo na miti ya kuchoma makaa. Fundi alijaza makaa na mawe ya chuma kwa tabaka, akawasha moto, wala hakuvuta mivukuto: upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini na kupanda juu kama katika dohani. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado na takataka, kwa hiyo kilitiwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, ambalo hilo lilivukutwa kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa majembe, shoka na mikuki.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko mingi. Tanuru lilihesabiwa kama bibi arusi; lilipambwa, lilitiwa dawa, na mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, kwa maana chuma kilikuwa mtoto atakayezaliwa. Mtu asiyejua atasema huo ni uchawi. Sisi twasema ni heshima ya kazi iliyo ngumu, ambayo kosa dogo la udongo au la upepo hupoteza taabu ya siku nyingi.

Majembe ya kutoka Ulaya yalipokuja kwa bei ndogo, malungu yalizimika, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kazi ilikwisha. Wataalamu, kama vile Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameyapima na kuyaandika yaliyobaki. Lakini mvua huyaangusha kila mwaka, na mashamba huyasogelea.

6. Tumba la majani

Makaa yalikula miti, na mahali pengi pa uwanda pakabaki majani matupu. Jirani zao upande wa Zambia hukata matawi na kuyachoma ili majivu yarutubishe shamba. Mfipa asiye na miti hawezi kufanya hivyo. Yeye aligeuza majani yenyewe kuwa mbolea. Mvua zikaribiapo kwisha, wakati majani ni marefu, hulima udongo pamoja na majani yake na kuyafunika, akafanya vilima vidogo vya mviringo viitwavyo intumba. Majani huoza ndani, na juu yake hupandwa maharagwe. Mvua za mwaka wa pili zikija, vilima huvunjwa na kutandazwa, na ulezi hupandwa. Wamambwe nao walilima hivyo. Mabwana shamba wa siku hizi hufundisha habari za mboji kana kwamba ni elimu mpya. Bibi wa Kifipa aliyejua intumba angewasikiliza kwa adabu, kisha angerudi shambani kwake.

7. Mwisho

Mambo mengi yamebadilika. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na mwaka 2012 sehemu yake ya kaskazini ikatengwa kuwa mkoa wa Katavi. Mahindi yamechukua nafasi kubwa ya ulezi. Wasukuma wameshuka katika bonde la Rukwa na makundi ya ng'ombe, nao ni wageni wa siku zetu. Kati ya mkulima na mfugaji pana magomvi ya malisho, na pana faida pia, kwa kuwa maksai hulima palipolimwa kwa mkono. Nao wanaliuliza upya swali la Milansi.

Jibu la Milansi lilikuwa mapatano ambayo kila mmoja alitoka na kitu: mgeni kigoda, mwenyeji heshima yake. Mapatano ya namna hiyo huwezekana tu ikiwa mwenyeji anajua kilicho chake. Ndiyo sababu tumeandika haya. Watoto wetu wa Sumbawanga wanaposikia mji wao ukichekwa, wengi huinamisha kichwa, kwani hawakufundishwa jibu. Twawaomba walimu wenzetu wawapeleke watoto wakaone lungu moja lililosimama karibu na shule, wawaombe wazee wawatajie majina ya sehemu zake kwa Kifipa, wayaandike katika daftari. Lungu likianguka halijengwi tena, na aliyejua majina yake akifa, hata daftari haliwezi kumwuliza.