Toleo Lililopendwa: Miaka Ishirini ya Linux, Kutoka Dar hadi Mbulu

Muulize mtumiaji mkongwe wa Ubuntu, mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, analipenda toleo gani kuliko yote, naye atakutajia namba. 6.06. 8.04. 10.04. 14.04. Tarakimu za mwanzo ni mwaka na za mwisho ni mwezi toleo lilipotoka, basi 10.04 ni la Aprili 2010. Kila namba ina jina la mnyama pia: Dapper Drake ni bata dume, Hardy Heron ni korongo. Wakongwe huyataja majina hayo kama watu wanavyotaja shule walizosoma.

Mabishano haya yapo dunia nzima, na kwingine huishia kwenye sura ya skrini: rangi, vitufe, mahali pa menyu. Ukiyatazama kutoka Tumati, kati ya vilima vya Mbulu na Hanang kaskazini mwa Tanzania, mizani inakuwa nyingine. Huku kompyuta ilikuwa ya mtumba, intaneti ilikuwa safari ya kwenda mjini, na umeme haukuwa jambo la kutegemea. Toleo zuri lilikuwa lile lililowaka kwenye mashine chakavu, likapiga muziki bila kuomba kitu mtandaoni, likaitambua modemu na kudumu miaka bila kusumbua. Kwa kipimo hicho orodha ya vipenzi hubadilika kidogo, na sababu zake hubadilika sana.

Linux yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 13 Ubuntu ilipozaliwa. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, aliitangaza Agosti 1991. Wengi waliojifunza kabla tu ya 2004 walijifunza kwa Red Hat 9, iliyosakinishwa kwa CD tatu, na moja ikiwa na mkwaruzo kazi yote inalala. Wengine walionjeshwa na Knoppix ya Mjerumani Klaus Knopper, CD iliyowasha Linux nzima bila kugusa diski ya kompyuta. Ilikuwa elimu ngumu, ya watu wachache, wengi wao vyuoni.

Tarehe 20 Oktoba 2004 Ubuntu 4.10 ikatoka. Mfadhili wake alikuwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyekuwa ameiuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 na kusafiri anga za juu mwaka 2002. Jambo lililoifikisha Ubuntu mbali lilikuwa huduma iliyoitwa ShipIt: unajaza jina na anwani, na CD zinakuja kwa posta, bure, popote ulipo. Kwa nchi ambayo watu hupokea barua kwa sanduku la posta la shule, parokia au ofisi, mpango huu ulifaa kuliko upakuaji wowote. Kupakua megabaiti 700 kwa kasi ya simu ya waya lilikuwa jambo la siku kadhaa, na bili yake ilitisha.

Bahasha za mwanzo zilikuwa na CD mbili ndani ya karatasi ngumu. Moja ilikuwa ya kujaribu: unaiweka, unawasha mashine, unaiona Ubuntu bila kufuta chochote. Ya pili ilikuwa ya kusakinisha, kwa skrini za maandishi na vitufe vya mishale, kwa maana kipanya hakikufanya kazi pale. Ukikosea kwenye ukurasa wa kugawa diski, kazi zote za ofisi zimepotea. Mashine ikiwa tayari ilitoa mlio wa ngoma, na skrini ikageuka kahawia. Ndani ya folda ya mifano ya matoleo ya miaka hiyo kulikuwa na video fupi ya Nelson Mandela. Hakuna mfumo mwingine wa kompyuta uliokuja hivyo, na si ajabu kwamba kizazi cha kwanza cha watumiaji wa Afrika kiliuona kuwa wake.

Mwaka ule ule Ubuntu ilipozaliwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na shughuli yake. Mradi wa Kilinux, ulioiunganisha Idara ya Sayansi ya Kompyuta na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004: programu ya kuandika barua na kupanga hesabu, yenye menyu za Kiswahili, iliyofanya kazi kwenye Linux na Windows. Miezi michache kabla, Juni, Microsoft ilikuwa imetangaza mpango wake wa Kiswahili. Kuna heshima inayostahili kutolewa hapa na haitolewi vya kutosha. Kikundi kidogo cha chuo kilifika sokoni kabla ya kampuni tajiri kuliko zote za programu, na kiliwapa watu kazi yake bila malipo.

Juni 2006 ikaja 6.06, Dapper Drake. Ilipaswa kutoka Aprili, ikacheleweshwa wiki sita ili iive. Wakongwe wengi huanzia hapa kuhesabu mapenzi yao, na wana haki. CD mbili zikawa moja: unaijaribu na kuisakinisha kutoka skrini ile ile, kwa kipanya. Lilikuwa pia toleo la kwanza la muda mrefu, maarufu kama LTS, lenye ahadi ya marekebisho kwa miaka mitatu kwenye kompyuta ya mezani na mitano kwenye seva. Mwalimu angeweza kuisakinisha kwenye maabara ya shule akiwa na uhakika kwamba haitapitwa kabla kidato cha kwanza hakijafika cha nne, au angalau karibu na hapo.

Lakini Dapper ilikuwa na kasoro moja iliyoumiza kuliko ile ya kupoteza data. Haikucheza MP3. Sababu ilikuwa ya kisheria: teknolojia ile ilikuwa na hataza, na Ubuntu haikuweza kuigawa bure katika kila nchi. Suluhisho lilikuwa kupakua kodeki, yaani programu ya kuusoma muziki huo, kutoka mtandaoni. Sasa mweke kijana wa Dongobesh, huko Mbulu, mwaka 2006 mbele ya mashine mpya, na folda ya Bongo Fleva aliyoileta kwa flashi kutoka Arusha, kisha umwambie nyimbo hazitapigwa mpaka apate intaneti. Linux imepoteza watu wengi pale, mbele ya wimbo uliokataa kulia.

Toleo la 7.04 lilirahisisha jambo hilo, kwani lilianza kujitafutia kodeki lenyewe, ila bado lilihitaji mtandao. Linux Mint ndiyo iliyoukata mzizi. Clement Lefebvre aliianzisha mwaka 2006 juu ya msingi wa Ubuntu, akaweka kodeki ndani ya CD tangu mwanzo. Hadi leo mabishano ya vipenzi hayaishi bila mtu kusema kwamba toleo zuri kuliko yote la Ubuntu ni Mint, na mahali penye intaneti haba hoja yake ina nguvu kweli.

Aprili 2008 ilileta 8.04, Hardy Heron, yenye picha ya korongo mwenye michoro ya kahawia kwenye skrini. Ilikuja na Wubi, programu iliyoisakinisha Ubuntu ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote, na ukichoka unaifuta. Mfumo wake mpya wa sauti ulisumbua watu wengi, jambo ambalo wapenzi wake wamelisamehe kabisa. Miezi sita baadaye ikatoka 8.10, ambayo haimo katika orodha nyingi za vipenzi huko Ulaya. Kwa Afrika Mashariki naona ingestahili kuwa juu. Ndiyo iliyoleta dirisha jepesi la kuunganisha modemu za simu: unachomeka, unachagua nchi, unachagua kampuni, unaingia.

Hilo lilikuja wakati wake. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na kuanza kazi, na modemu nyeupe za Huawei zikawa zinauzwa na kila kampuni ya simu. Hata hivyo baadhi yake zilikuwa na hila. Ukizichomeka zilijifanya CD yenye programu ya Windows, na Linux ikaona CD tu. Dawa ilikuwa kifurushi kidogo kiitwacho usb-modeswitch, ambacho kilipatikana mtandaoni, yaani kule kule ulikokuwa ukijaribu kufika. Aliyekuwa nacho kwenye flashi alihesabika fundi.

Kisha Lucid Lynx, 10.04, iliyotoka tarehe 29 Aprili 2010. Ukikusanya wakongwe kumi, hili ndilo toleo litakalotajwa kabla ya mengine, na hapa hukumu ya dunia na ya Mbulu inakutana. Kahawia iliondoka, zambarau ikaingia. Vitufe vya kufunga dirisha vilihamia kushoto na watu wakapiga kelele, kisha wakazoea. Chini ya rangi mpya ulikuwa mfumo uliokomaa: paneli mbili, moja juu na moja chini, na menyu tatu zilizoandikwa wazi. RAM ya megabaiti 512 iliutosha. Dell za mtumba zilizokuwa zikishushwa Arusha zikiwa na Pentium 4 ziliubeba bila kuhema. Mtu aliyeitoka Windows XP aliingia akajua pa kubofya.

Mapenzi hayo yaliongezwa na kilichofuata. Aprili 2011, toleo la 11.04 lilileta Unity, sura mpya yenye mstari wa alama upande wa kushoto, iliyodai uwezo wa picha ambao mashine nyingi za zamani hazikuwa nao. Mwezi huo huo ShipIt ikafungwa. Kwa mtumiaji wa mbali, habari hizo mbili zilikuwa moja: mfumo ulikuwa umeanza kuwatazama watu wenye mashine mpya na intaneti nzuri. Wengi wakang'ang'ania 10.04 mpaka marekebisho yake ya kompyuta za mezani yalipokoma Mei 2013. Wengine wakahamia Xubuntu au Lubuntu, ndugu nyepesi za Ubuntu. Huko Argentina mtu mmoja aliifufua ile sura ya zamani kwa jina la MATE, na Ubuntu MATE iliyotokana na kazi hiyo ni kimbilio la wapenzi wa Lucid hata sasa. Shuttleworth aliiacha Unity Aprili 2017, wakati ambapo wengi walikuwa wameanza kuipenda kupitia 14.04.

Wapo watumiaji ambao toleo lao wanalolipenda hawajawahi hata kuliona kwa macho. Hao ni wa seva. Mwaka 2002 Elpidio Latorilla alianzisha Care2x, programu huria ya kuendesha hospitali, na hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT) za kaskazini mwa Tanzania, Selian ya Arusha ikiwamo, ziliichukua. Wizara ya Afya nayo hukusanya takwimu kwa DHIS2, iliyokuzwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishiriki, na mwongozo wake wa kusakinisha umeandikwa kwa ajili ya matoleo ya LTS ya Ubuntu. Kwa anayelinda mashine kama hizo sura haina maana. Anapenda 12.04 au 14.04 kwa sababu alizisakinisha, akafunga mlango wa chumba, na wagonjwa wakaandikishwa kila asubuhi kwa miaka mitano.

Kaskazini mwa Mbulu, katika Karatu ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo, mambo yalikwenda njia nyingine kabisa. Shirika la Powering Potential lilianzia Sekondari ya Banjika, na baadaye likaweka katika shule za huko Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Kompyuta hiyo ndogo ilianza kuuzwa Februari 2012. Hula wati chache tu, kwa hiyo paneli na betri za wastani huendesha chumba kizima. Wanafunzi hawahitaji intaneti: kamusi elezo na masomo yamehifadhiwa katika mkusanyo wa RACHEL ndani ya shule. Kwa vijana wa aina hii, Linux ya kwanza katika maisha yao ilikuwa Raspbian iliyotokana na Debian, ambayo matoleo yake yana majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story. Ukiwauliza kuhusu Lucid hawataelewa unasema nini.

Kuna jambo ambalo hakuna toleo lililowahi kulitatua kwa Wairaqw wa Mbulu. Katika maandishi ya lugha yao mkwaju (/) ni herufi kamili. Yapo maneno yanayoanza nao. Katika Linux mkwaju hutenganisha folda, na haukubaliki kabisa ndani ya jina la faili. Windows nayo inaukataa. Kwa hiyo mtu anayehifadhi hadithi au orodha ya maneno ya Kiiraqw hulazimika kuyaharibu majina ya faili zake. Hata Kiswahili, chenye mamilioni ya wasemaji, hakijawahi kukamilishwa ndani ya Ubuntu.

Matoleo mapya ni mazuri kwa mengi, lakini yamekuwa mazito kwa wenye mashine chakavu na intaneti haba. Toleo la 12.10 lilikuwa la kwanza kutoenea kwenye CD. La 24.04 linazidi gigabaiti 5, na kwa anayenunua bando hilo ni gharama halisi. Tangu 21.10 Firefox huja kama kifurushi cha aina ya snap, kizito na cha polepole kuwaka kwenye diski za zamani. Mint imekataa snap tangu 2020. Mwaka 2017 Ubuntu ya kawaida iliacha mashine za biti 32, na Debian ikafuata Agosti 2025 kwa toleo la 13. Mwenye Pentium 4 bado anaweza kuweka Debian 12, ambayo marekebisho yake ya usalama yamepangwa kufika Juni 2028. Ikiwa na sura nyepesi ya LXDE au Xfce hufungua LibreOffice na hupiga MP3 bila kuuliza chochote, kwa sababu hataza za mwisho za MP3 ziliisha mwaka 2017.