Utaratibu Bila Mtawala: Ushahidi wa Nyeri na Nchi ya Mlima Kenya Katika Mjadala wa Anakia

Utangulizi

Neno la Kiyunani lililozaa istilahi ya anakia lina maana ya "bila mtawala". Katika Kiswahili cha kila siku, hata hivyo, dhana hiyo hufasiriwa kuwa ni fujo, ghasia au machafuko, kana kwamba kukosekana kwa mtawala na kukosekana kwa utaratibu ni jambo moja. Tafsiri hiyo hutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa. Wafuasi wa itikadi hii, tangu Pierre-Joseph Proudhon alipojiita kwa jina hilo mwaka 1840, wamedai kinyume chake: kwamba watu waweza kuishi kwa mapatano, kwa kusaidiana na kwa kanuni walizojiwekea wenyewe, pasipo dola yenye askari, magereza na kodi.

Dai hilo yafaa lipimwe kwa historia, na nchi ya Mlima Kenya ni mahali panapofaa kwa kipimo hicho. Mwaka 1902, Peter Kropotkin alipochapisha kitabu chake juu ya kusaidiana kati ya viumbe na kati ya binadamu, Waingereza walikuwa wakijenga ngome ya Nyeri. Miji mingine ya eneo hilo ina asili kama hiyo: Murang'a, iliyoitwa Fort Hall, kiasi cha mwaka 1900; Embu mwaka 1906; Meru mwaka 1908. Kila mmoja ulianza kuwa boma la dola mahali ambapo hapakuwa na dola. Swali la makala hii ni hili: kabla ya maboma hayo, palikuwa na nini?

Mpango wa jamii

Wagikuyu hawakuwa na mfalme. Jamii yao ilijengwa juu ya mbari, yaani ukoo wenye ardhi yake, na juu ya riika, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja. Mashauri ya kijiji yaliamuliwa na kiama, baraza la wazee. Jambo lililowashinda lilipelekwa kwenye baraza la rugongo, yaani mgongo mzima wa ardhi baina ya mito miwili. Mabaraza hayo hayakuwa na askari wa kulipwa. Msemaji wake, muthamaki, alipata heshima kwa ufasaha, kwa busara na kwa haki ya maamuzi yake. Watu wakiacha kumsikiliza, hakuwa na chombo cha kuwalazimisha. Kwa Wameru, baraza la Njuri Ncheke, ambalo hadi leo lina makao yake Nchiru, lilisimamia mambo kwa namna inayokaribiana na hiyo.

Aidha, madaraka ya wazee yalikuwa na kikomo. Jamii iligawanyika katika vizazi viwili vya kupokezana, Mwangi na Maina, na kila baada ya miaka 30 hadi 40 hivi kizazi kimoja kilikabidhi madaraka kwa kingine katika sherehe ya ituika. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), anasimulia mapokeo kwamba hapo kale palikuwa na mfalme dhalimu, akapinduliwa na kizazi kilichoitwa Iregi, yaani waliokataa. Kama mfalme huyo alikuwapo au hakuwapo, si hoja hapa. La maana ni kwamba jamii ilijieleza kuwa imekwisha kumjua mfalme na kumkataa. Kukosa dola hakukuhesabiwa kuwa upungufu, bali uamuzi.

Mapingamizi manne

Pingamizi la kwanza ni la uhalifu: pasipo polisi, nani atamzuia muuaji? Kwa maelezo ya Kenyatta, damu ya mwanamume ililipiwa fidia ya mbuzi na kondoo 100 au ng'ombe 10. Jamaa za mkosaji walishiriki kulipa, kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na sababu ya kuwachunga watu wake. Ushahidi ulipogongana, wenye shauri walikula kiapo cha githathi, au kile cha kumpiga beberu, na iliaminiwa kwamba mwongo angeangamia pamoja na jamaa zake. Mchawi aliyethibitishwa aliweza kuuawa hadharani, lakini jamaa zake wa karibu walitakiwa kwanza kuridhia. Adhabu basi ilikuwapo, tena kali. Kilichokosekana ni mtu mmoja au afisi moja yenye haki ya pekee ya kuitoa.

Pingamizi la pili husema kwamba mpango wa namna hii wafaa kijiji tu. Lakini Wagikuyu mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa mamia ya maelfu. Masoko yao yalikuwa na siku zake maalumu, na biashara yao na Wamaasai, ambayo wanawake ndio walioiendesha, iliweza kuendelea hata vijana wa pande mbili walipokuwa wakipigana. Ukubwa haukuletwa na amri kutoka juu. Uliletwa na mabaraza madogo kutuma wazee kwenye mabaraza mapana zaidi.

Pingamizi la tatu lahusu ulinzi, nalo ni zito zaidi. Jamii isiyo na dola haikuweza kumzuia mvamizi. Ni kweli, walakini falme nazo hazikumzuia. Kabalega wa Bunyoro alikamatwa mwaka 1899, na Buganda ikatia sahihi mkataba wake na Waingereza mwaka 1900. Katika nchi ya Mlima Kenya hapakuwa na mfalme wa kukamatwa, na Waingereza walilazimika kupigana tena na tena: Tetu mwaka 1902, Iria-ini mwaka 1904, Embu mwaka 1906. Hata hivyo haki yataka isemwe pia kwamba kila rugongo ilipigwa peke yake, na kwamba wakubwa kama Wang'ombe wa Ihura wa Nyeri waliona faida ya kushirikiana na mgeni. Uhuru wa kila mgongo ulikuwa pia upweke wake.

Pingamizi la nne ndilo ambalo ushahidi wa Nyeri haulijibu kikamilifu. Waswahili husema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini ni wazee gani? Kiama kilipandwa kwa ngazi, na kila ngazi ilitolewa mbuzi. Asiye na mifugo alibaki chini. Muhoi, aliyelima ardhi ya mbari nyingine, aliishi kwa hisani ya wenyeji wake. Wanawake walikuwa na mabaraza yao, lakini katika kiama hawakukaa, na fidia ya damu ya mwanamke ilikuwa mbuzi na kondoo 30 tu au ng'ombe 3. Kuondoa dola, basi, si kuondoa utawala wa mtu juu ya mtu. Mtetezi wa anakia anayeitaja Afrika ya kale kama ushahidi wake hana budi kulikabili jambo hili. Sam Mbah na I. E. Igariwey, Wanijeria walioandika juu ya anakia ya Kiafrika mwaka 1997, walifanya vyema kudai tu kwamba jamii hizo zilikuwa na chembechembe za anakia.

Maneno na madaraka

Dola ilipoingia, ilihitaji maneno. Sheria ya Wakuu wa Vijiji ya mwaka 1902 ilidhani kwamba kila kijiji kina mkuu; pale asipopatikana, aliteuliwa. Chifu huyo mpya aliitwa munene, yaani mkubwa, naye hakutegemea kusikilizwa, maana nyuma yake palikuwa na boma. Mamlaka yenyewe iliitwa thirikari, neno lililokopwa kutoka Kiswahili, kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa kigeni.

Badiliko lililo kubwa zaidi ni la neno muthamaki. Katika tafsiri ya Biblia kwa Kigikuyu, vitabu vya Wafalme huitwa Athamaki. Msemaji wa baraza alivikwa hivyo taji la Sulemani, na msomaji wa leo anayekutana na neno hilo katika masimulizi ya kale aweza kudhani kwamba wafalme walikuwapo siku zote. Ndivyo lugha inavyoweza kufuta historia bila mtu yeyote kusema uongo. Sherehe ya ituika nayo ilikatizwa: Kenyatta aeleza kwamba maandalizi ya miaka ya 1925 hadi 1928 yalizuiwa na serikali kwa hofu ya uchochezi. Tangu hapo madaraka hayakuwa tena na siku ya kukabidhiwa.

Mjadala wafufuka msituni

Swali hilo halikufa. Oktoba 1952 Chifu Mkuu Nderi, mwana wa Wang'ombe wa Ihura, aliuawa Nyeri alipokwenda kuwakabili watu waliokuwa wakila kiapo. Katika misitu ya Nyandarua wapiganaji wenyewe walibishana juu ya madaraka. Dedan Kimathi alitaka uongozi mmoja: Baraza la Ulinzi la Kenya mwaka 1953, kisha Bunge la Kenya mwaka 1954. Stanley Mathenge alijitenga na Bunge hilo, na wafuasi wake waliounda Kenya Riigi walilalamika kwamba wasomi wamejitwalia vyeo. Kila upande ulikuwa na haki yake. Bila umoja vita visingeshindwa. Bila kikomo, umoja wenyewe ungezaa munene mwingine.

Hitimisho

Ushahidi wa Nyeri hauthibitishi kwamba dola haihitajiki popote. Wathibitisha jambo dogo zaidi lakini la hakika: kwamba mamia ya maelfu ya watu walikata mashauri, wakafanya biashara na kupokezana madaraka bila dola, na kwamba hali hiyo haikuwa fujo. E. E. Evans-Pritchard, akiandika juu ya Wanuer mwaka 1940, aliiita hali ya namna hiyo anakia yenye utaratibu. Kiswahili kingali kinahitaji neno lake kwa hali hiyo. Mpaka lipatikane, mtafsiri anayeandika "fujo" ajue kwamba ameamua shauri ambalo wazee wa rugongo wasingelikata kabla ya kuzisikiliza pande zote mbili.