Kasa ana jina, papa wa Greenland je?

Mwanafunzi wangu aliandika "kobe wa baharini" katika tasnifu yake, nami nikamrudishia. Kobe ni wa nchi kavu. Wa bahari ni kasa, na yule mwenye magamba ya kutengenezea vitana na mapambo ni ng'amba. Akaniuliza: "Prof, na papa wa kilindini anaitwaje?" Hapo nikakwama.

Hebu tulitazame kihistoria. Kasa hupumua hewa kama sisi, kwa hivyo sharti aibuke, na jike sharti apande mchangani kutaga. Ndiyo maana binadamu alimjua mapema. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unataja magamba hayo miongoni mwa bidhaa za Rhapta, soko la pwani hii ya Afrika Mashariki. Unaongeza kwamba katika kisiwa cha Menouthias watu waliwanasa kasa kwa vikapu vilivyotegwa kwenye mapito ya maji, badala ya nyavu. Vikapu! Mvuvi wa dema hahitaji kufafanuliwa hapo.

Papa wa Greenland, kwa upande wake, huishi katika maji baridi ya Atlantiki ya kaskazini, huweza kushuka zaidi ya mita 2,000, wala hana haja ya kuja juu kuvuta pumzi. Watu wa Iceland na Norway walimvua kwa mafuta ya ini lake, ila umri wake ulibaki fumbo, maana mwili wake ni gegedu tupu. Kumbe siri ilikuwa jichoni. Mwaka 2016 Julius Nielsen na wenzake walitangaza matokeo ya kupima kaboni ya kiini cha lenzi, kinachoumbika kabla papa hajazaliwa. Jike mkubwa zaidi kati ya 28 alikadiriwa kuwa na miaka 392, jumlisha au toa 120. Hata kwa kadirio la chini, alizaliwa karne ya 18, Mazrui wakiwa Mombasa!

Biashara ya kimataifa ya ng'amba ilipigwa marufuku mwaka 1977 chini ya mkataba wa CITES. Yeye hukomaa kwa miongo michache. Papa huyu hukadiriwa kuchukua miaka 150. Akinaswa mapema, nani atasubiri mwingine?

Mwanafunzi amependekeza "papa kikongwe". Nimelikubali. Kobe wake bado nimemkata.