Mitambo ya Ardhini ya Kuongozea Ndege Inavyofuatiliwa na Kudhibitiwa

Mitambo ya ardhini ya kuongozea ndege hufuatiliwa wakati wote inapotumika, kwa kuwa mtambo unaotoa taarifa potofu ni hatari kuliko uliozimika. Ukizimika, vyombo vya rubani humwonesha kuwa mawimbi hayapo. Ukipotosha, humwaminisha kuwa yuko salama.

Mitambo hiyo ni pamoja na VOR, inayoonesha uelekeo wa ndege kutoka kituoni. DME, inayopima umbali. Na ILS, inayoiongoza ndege kutua kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, hata penye ukungu au mvua. Kila mtambo una kifaa kinachopima mawimbi yake na kuyalinganisha na viwango vya Kiambatisho cha 10 cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Uelekeo wa VOR ukipotoka kwa zaidi ya nyuzi 1, tahadhari hupelekwa kituo cha udhibiti na mawimbi hayo huondolewa hewani. Kwa ILS muda ni mfupi mno: mawimbi ya kuelekeza ndege katikati ya njia ya kutua yasizidi sekunde 10 yakiwa na kasoro, na kwa daraja la juu kabisa, sekunde 2. Mtambo wa akiba ukiwapo hushika nafasi.

Umuhimu wa ulinzi huo ulionekana Julai 2000 katika Uwanja wa Ndege wa Faleolo, Samoa. Mtambo wa mteremko ulikuwa umeachwa katika hali ambayo kifaa cha ufuatiliaji hakingeweza kuuzima, na mnara haukuwa ukipata taarifa za hali yake. Usiku huo ndege ya Air New Zealand, aina ya Boeing 767, iliendelea kushuka huku kiashiria kikionesha kuwa iko sawasawa. Marubani waliipaisha tena ikiwa takriban futi 400 juu, yapata kilomita 10 kabla ya uwanja. Hakuna aliyeumia.

Nchini Tanzania, huduma za uongozaji ndege hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Kifaa cha ardhini pekee hakitoshi. Ndege maalumu za ukaguzi hupima mawimbi hayo angani kwa vipindi. Mtambo unapofanyiwa matengenezo, marubani hutaarifiwa kwa tangazo la NOTAM na herufi zake za utambulisho, zinazosikika kwa Morse, huondolewa. Rubani asiyezisikia hapaswi kuutumia mtambo huo, hata kama sindano inaonekana kufanya kazi.