Mti Ndani ya Chupa

Katika mijadala yetu kuhusu dawa za asili nimezoea kusikia hoja mbili zikigongana. Upande mmoja unalia kwamba misitu inamalizwa na wachuna magome. Upande wa pili unajibu kwamba sayansi itaiokoa, kwa kuwa sasa mmea waweza kukuzwa maabarani kutokana na kipande kidogo cha tishu. Jibu hilo lina ukweli, ila wanaolitoa huchanganya mambo mawili ambayo historia imeyatenganisha.

Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria, alitoa wazo lililoonekana kama ndoto: kwamba seli moja ya mmea, ikitengwa na kulishwa ipasavyo, yaweza kuzaa mmea mzima. Seli zake ziliishi kwa muda, lakini hazikugawanyika. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1939, ambapo Philip White wa Marekani, na Roger Gautheret na Pierre Nobécourt wa Ufaransa, walionyesha kwamba tishu za mmea zaweza kuendelea kukua ndani ya chupa bila kikomo. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller wakagundua ufunguo wake: uwiano wa homoni za aina mbili. Ukizidisha za aina moja, tishu hutoa mizizi. Ukizidisha za aina ya pili, hutoa machipukizi. Miaka mitano baadaye Skoog, akiwa na Toshio Murashige, alichapisha lishe ya chumvi na vitamini ambayo hadi leo maabara nyingi za miche huitumia, zikiwemo zinazozalisha migomba katika kanda yetu. Wawili hao, kwa taarifa ya msomaji, walikuwa wakishughulika na tumbaku.

Kutoka hapo njia ziligawanyika. Ya kwanza ni ya miche: tishu huoteshwa, huzidishwa, kisha hurudishwa shambani kwa mkulima. Ya pili ni ya tangi: seli huachwa zibaki seli, zielee katika maji yenye sukari ndani ya mtambo wa chuma, na zitoe dawa bila kuwa na jani wala mzizi. Mwaka 1983 Wajapani waliingiza sokoni shikonini, rangi nyekundu ya mzizi uliotumika tangu kale kutibu vidonda. Mzizi huo shambani huhitaji miaka kadhaa kukomaa. Tangi lilihitaji wiki chache. Sehemu ya mavuno hayo, tusishangae, iliishia katika rangi ya midomo.

Mfano mzito zaidi ni wa dawa ya saratani iitwayo paklitakseli. Magome yake yalikusanywa mwaka 1962 kutoka kwa mti uitwao Taxus brevifolia katika misitu ya jimbo la Washington, na Monroe Wall na Mansukh Wani wakachapisha muundo wa kemikali hiyo mwaka 1971. Mti huo hukua polepole mno, kuuchuna gome ni kuuua, na mgonjwa mmoja alihitaji magome ya miti kadhaa. Dawa ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1992, ugomvi kati ya watetezi wa misitu na watetezi wa wagonjwa ulikuwa umeshapamba moto. Kwanza waliokolewa na majani ya jamaa yake wa Ulaya, ambayo huchumwa bila kuua mti. Baadaye yakaja matangi ya seli. Msitu ukapona. Lakini angalia pia kwamba tangi halihitaji nchi ya asili ya mti, wala kijiji kilicho kando ya msitu.

Sisemi kwamba tangi hushinda daima. Ua la Catharanthus roseus, lenye asili ya Madagaska, hutupatia vinkristini na vinblastini, na kwa miongo mingi seli zake zilikataa kutoa kiasi cha kutosha ndani ya mitambo. Majani ya shambani yakabaki kuwa chanzo kikuu.

Kwetu jambo hili lina jina: Prunus africana, mti ambao Wakikuyu huuita muiri. Dondoo la gome lake lilisajiliwa hataza na Mfaransa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume, na kufikia mwaka 1995 biashara yake ilikuwa imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Mbegu zake hupoteza uhai upesi zikihifadhiwa, hivyo miche ya maabara ni msaada wa kweli kwa mkulima wa milimani. Hiyo ndiyo njia ambayo fedha za umma zingepaswa kuifuata.

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inatambua haki ya nchi ya asili kugawiwa manufaa. Hata hivyo, haki hiyo hudaiwa kwa nyaraka, na tishu haina kumbukumbu ya msitu ilikotoka. Basi ofisa atakayeletewa makubaliano ya utafiti wa mti huu asiishie kusoma ukurasa wa ufadhili. Atafute kifungu kinachoeleza chupa ya tishu mama itahifadhiwa wapi, kwa jina la nani, na nani ataruhusiwa kuigawa. Kifungu hicho kikikosekana, asitie saini.